Mtoto Haharibiwi na Kiamu

"Bi Mwalimu, nakuomba jambo moja tu. Huyu usimsemeze Kiswahili. Mpige Kiingereza mpaka kimwingie."

Wiki ya kwanza ya muhula nimeambiwa maneno haya mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimechutama barazani namfunga mtoto kamba za viatu, joto la kaskazi limenikaba, na mamake amesimama juu yangu asubiri nimwitikie. Nikamwambia, "Pita saa sita ukija kumchukua, mwanangu, tuzungumze." Saa sita alikuja mtoto wa jirani kumchukua. Basi haya ndiyo niliyokuwa nayo, na wengine someni pamoja naye, maana siwezi kuyarudia mlangoni kila asubuhi huku uji unapoa.

Mwaka huu natimiza miaka 22 nikifundisha chekechea hapa Amu, yaani Lamu. Dhana zote nimezisikia, lakini hii ndiyo inayonikera kuliko zote: kwamba mtoto akilelewa kwa Kiswahili nyumbani, tena hichi chetu cha Kiamu, Kiingereza chake kitakuwa kibovu na skuli ataachwa nyuma.

Kinyume chake ndicho ninachokiona darasani. Muhula uliopita nilikuwa na kijana wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, mtanashati, rangi zote na wanyama wote wa porini anawataja kwa Kiingereza, kajifunza kwa simu. Tukakaa mkekani, nikamuuliza jana alikwenda wapi. "Bichi." Na nani? "Dadi." Mkafanya nini? Akanitazama. Nikamuuliza tena kwa Kiswahili, akanitazama vilevile. Ubavuni mwake palikuwa na msichana wa mtaa wa Langoni analelewa na bibi yake. Huyo sikumuuliza, alijitolea mwenyewe. Akatueleza punda aliyeteleza mtaroni na mafuko yake ya mtanga (mchanga): punda ni wa nani, nani alivuta mkia na nani alivuta masikio, kwa nini mwenyewe alikasirika, na bibi alisema nini dirishani kabla hajafunga. Neno la bibi sitaliandika hapa.

Sasa niambieni, kati ya hao wawili ni nani aliye tayari kwa skuli? Yule kijana ana majina ya vitu. Msichana ana "kwa sababu", ana "kabla", ana "halafu", ana "lau". Anajua kwamba habari ina mwanzo, na kwamba sisi hatukuwapo hivyo lazima atuoneshe. Hiyo ni kazi ya akili na hujifunzwa mara moja tu. Kiingereza kikija kitakuta mahali pa kukaa. Kwa kijana kitakuja kufanya nini, ikiwa hata kwa lugha ya mamake hana la kueleza?

Kusoma nako ni vivyo hivyo. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishaijua "ma" ataisoma popote aikutapo: mama, maziwa, makuti. Miezi michache tu anaelewa siri yenyewe, kwamba alama hizi ni sauti na sauti zikiungana ni neno. Kiingereza kinamzungusha. Herufi a peke yake inasomwa kivyake katika cat, kivyake katika cake, kivyake katika water. Mtoto aliyekwisha kuifahamu siri hiyo kwa Kiswahili huvumilia vituko hivi. Aliyeanzia kwenye vituko hudhani kusoma ni kukisia.

Wala si maneno yangu peke yangu. UNESCO ilipendekeza mtoto aanze kusomeshwa kwa lugha ya mama tangu 1953. Hapa Kenya tume ya Gachathi ilisema hivyo 1976, na sera ni ileile hadi leo: mpaka darasa la tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali anapokaa, Kiingereza kikiwa somo, kisha kuanzia darasa la nne ndipo kinapokuwa lugha ya kufundishia. Lugha ya mahali hapa mwaijua. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, kisha ikakiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mzazi anayeniambia Kiswahili "si cha skuli" sijui anaishi nchi gani.

Linaloniumiza zaidi hasa ni hili. Mzazi mwenyewe Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Si aibu, wengi wetu ndivyo tulivyo. Lakini kwa kuwa ameamua, mtoto siku nzima anasikia maneno manne: njoo, kula, lala, wacha, yote kwa Kiingereza. Mama huyohuyo akiwa na shoga yake barazani hadithi inachukua saa mbili, ina mafumbo, ina vicheko, ina watu watano wanaoigizwa sauti. Mtoto akisogea, mama anarudi kwenye maneno manne. Na bibi je? Nimemkuta bibi mmoja Mkomani ameambiwa na bintiye asimsemeze mjukuu, atamchanganya. Mwanamke anayejua vitendawili vya kumkesha mtu, ameambiwa anyamaze ndani ya nyumba yake.

Kama nyumbani mwenu Kiingereza mnakijua kweli, kisemeni, sina ugomvi. Mtoto hubeba lugha mbili, hata tatu, pasipo kulemewa. Semeni naye tu kwa lugha ile mnayoweza kugombania, kutania na kuombea dua.

Kuna na tawi la dhana hiyohiyo: kwamba sawa, Kiswahili kiwepo, lakini Kiamu kitaharibu Kiswahili sanifu. Mtoto kaandika "mato" badala ya "macho", kapigwa mkasi mwekundu wa kosa, na mzazi kaja mbio. Mwanangu, sanifu haikushuka kutoka mbinguni. Ulikuwa mkutano Mombasa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi, na 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia, ili vitabu vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar viandikwe namna moja. Ni makubaliano, na makubaliano mazuri. Hakuna aliyesema kwamba anayesema "ndoo" akimaanisha "njoo", au "mai" akimaanisha "maji", amekosea kinywa. Mimi darasani nasema: nyumbani ni mato, kitabuni ni macho. Watoto wanaelewa kwa siku mbili, kama wanavyoelewa kanzu ni ya chuoni kwa Qurani na yunifomu ni ya skuli. Mwaka juzi nilipitiwa nikaandika "ndia" ubaoni, kikasimama kisichana cha miaka mitano: "Bi Mwalimu, hiyo ni ya nyumbani."

Mkiniuliza basi tufanye nini, jibu langu wenzangu wa skuli wamelichoka: chambueni mchele naye. Si mzaha. Uteo mmoja, yaani ungo, mchele wa mchana, mtoto upande huu na wewe upande ule. Vidole vinavyookota chenga na vijiwe ndivyo vitakavyoshika penseli, na dakika ishirini hizo kinywa hakina kazi ila kuzungumza. Hesabuni vijiwe. Muulize huu mchele umetoka wapi, nani alikwenda dukani, kwa nini wa jana uliungua. Hakuna kitabu cha mazoezi ninachoweza kukuuzia kitakachofika hapo, na mchele ungeuchambua tu. Usiku baada ya Isha, paukwa pakawa. Bibi awe mbele.

Hayo ya lugha yametosha. Yaliyobaki nayapitia haraka.

"Mapema ndio mapema." Mtoto wa miaka mitatu analetwa PP1, mzazi kapunguza umri kwa mdomo: "Ana minne kasoro kidogo." Kidogo chenyewe miezi kumi. PP1 ni ya miaka 4, PP2 miaka 5, darasa la kwanza miaka 6. Huyo wa mitatu hatashinda kwa kuanza mbio kabla ya wenziwe. Atakaa mwaka mzima akilia chooni hajui kujifungua suruali, na atajijua kuwa yeye ndiye asiyeweza. Mwacheni nyumbani, uteo upo.

"Chuo na skuli vitamchanganya." Ati alif inaanzia kulia na a inaanzia kushoto, kichwa kitapasuka. Watoto wa mwambao wamefanya hivyo vizazi na vizazi, na mimi ni mmoja wao. Aliyezoea kukaa chuoni akasikiliza, akafuatiza, akahifadhi, ananijia darasani na masikio yaliyokwisha kunolewa. Mtoto anayesinzia juu ya daftari hajachoshwa na ustadhi wake. Nikimuuliza alilala saa ngapi, ananitajia tamthilia nzima ya saa nne za usiku, na kipande cha mwisho anakieleza vizuri. Wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku nzima, na wa sita hadi kumi na mbili saa 9 hadi 12. Pigeni hesabu wenyewe, kisha zimeni televisheni.

"Maulidi yanawapotezea masomo." Hili hasa huletwa na wazazi waliohamia kikazi, nami nawaelewa, mwezi wa mfungo sita mji huu haulali. Sisemi mtoto akose skuli juma zima. Nasema mpelekeni msikiti wa Riyadha jioni, mshikeni mkono kwenye maandamano ya zefe, mkamwoneshe mashindano ya punda na ya majahazi, kisha asubuhi mniletee. Siku hizo darasa langu halinyamazi. Wanachora, wanahesabu punda, wanabishana jahazi la Matondoni lilishinda kwa tanga au kwa nahodha. Mtoto asiyepelekwa popote ndiye anayekaa kimya, hana cha kuchora.

"Wanacheza tu." Ndiyo, wanacheza. Mzazi mmoja alichungulia dirishani akatukuta tunacheza mdako, akaenda kunishtaki kwa mwalimu mkuu. Mdako, kwa wasioukumbuka: unachimba kishimo, unatia kokoto, unarusha moja juu, na kabla hujaidaka umezitoa za shimoni. Ukirusha tena unazirudisha ila moja. Kisha ila mbili. Kisha ila tatu. Mtoto aliyefika kwenye tatu amefanya kutoa na kugawa, na macho na mkono vimefanya kazi pamoja, na kokoto hazina bei. Mwalimu mkuu alitoka kuja kutazama, akakaa, akashindwa kwenye mbili.

"Mtaala huu mpya ni wa wenye pesa." Hapa lawama nusu ni yetu walimu. Nimeona ujumbe wa skuli moja, sitaitaja, ukiwataka wazazi wa darasa la kwanza wachapishe picha za rangi za vyombo vya usafiri. Saiba ikajaa mpaka usiku. Picha za gari, kisiwa hiki! Gati iko pale, mtoto ashuke ahesabu mashua. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vya mahali mtoto alipo: kumbi, makuti, vifuu, simbi. Mtoto wa Amu akitengeneza kijahazi cha ubao na tanga la kitambaa, huo ndio mradi. Na wewe mzazi usimtengenezee. Nakijua kijahazi kilichochongwa na baba mtu, kina ustadi wa miaka thelathini.

"Likizo ni ya tuisheni." Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza tuisheni ya likizo, mmalize hapo. Mtoto wa PP2 hana mtihani wa kukimbizana nao, na mzazi aliyeniuliza wiki jana amwandae mwanawe kwa mkondo gani wa sekondari ya juu, sayansi au sanaa, nilimwambia darasa la kumi liko mbali miaka kumi na leo bado hatujaweza kufunga vifungo vya shati.

La mwisho, kwa sababu nimeliona asubuhi hii hii. Mtoto kaja na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa ili aandike kwa kulia. Nimekifungua. Takriban mtu mmoja katika kumi hutumia kushoto, kazaliwa hivyo, na kumlazimisha kunamchelewesha kuandika na kumtia hofu ya penseli. Kula ni mlango mwingine. Kwenye sahani mfundisheni mkono wa kulia kama sote tulivyofundishwa, ataweza. Kitambaa nimekiweka kwenye droo yangu, mwenyewe aje achukue saa sita. Saa sita, si kumtuma mtoto wa jirani.