Kujifunza kwa Kuhudumu: Pale Kisima Kinapokuwa Sehemu ya Kozi

Mwanafunzi wa chuo kikuu akienda Jumamosi kufanya usafi zahanati, amejitolea. Akikaa wiki nane kwenye kampuni ili aijue kazi, yuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Kujifunza kwa kuhudumu ni jambo la tatu, ingawa vyuo vingi huyachanganya yote. Hapa huduma ni sehemu ya kozi: jamii imeiomba kazi yenyewe, kazi hiyo haifanyiki bila maarifa ya kozi, na wanafunzi hurudi kutafakari walichokiona. Ondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, kinachobaki kina jina lingine.

Istilahi hii (kwa Kiingereza service-learning) ilizuka Marekani mwaka 1967, na huhusishwa na waelimishaji Robert Sigmon na William Ramsey. Mwaka 1979 Sigmon aliandika kanuni tatu ambazo bado ndizo kipimo kizuri: wanaohudumiwa ndio wenye kauli juu ya huduma, huduma iwaache wakiwa na uwezo zaidi wa kujifanyia mambo yao, na wanaohudumu nao ni wanafunzi, wenye usemi juu ya kile wanachopaswa kujifunza. Ile ya kwanza ndiyo inayovunjwa mara nyingi, maana mhadhiri hufika na mradi alioupanga ofisini, akaomba mahali pa kuutua.

Chukua kozi ya ubora wa maji. Kamati ya kijiji imeomba visima vyake vipimwe. Wanafunzi wanajua taratibu: chupa iliyotakaswa, sampuli iwekwe gizani kwenye ubaridi, ifike maabara ikiwezekana ndani ya saa 6 na isipitishe 24. Wanajua pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwamba E. coli, bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi, wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Majibu yanatoka, kisima kimoja kina vimelea. Kwenye mtihani jibu lingekuwa kukifunga. Kwenye mkutano anasimama mama mmoja na kuuliza: mkikifunga, sisi tuchote wapi?

Hapo ndipo kozi inapoanza upya. Wanafunzi wanarudi kisimani kutazama kile ambacho chupa haikuwaonyesha: saruji ya mdomo wa kisima imepasuka, ndoo na kamba vinalazwa chini kwenye tope, choo kiko upande wa juu wa mteremko. Wanapendekeza klorini, kisha wanakumbuka kuwa maji yenye matope huila klorini kabla haijaua vimelea, hivyo yachujwe kwanza. Na baada ya dakika 30 klorini huru, ile ambayo bado haijatumika, ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Takwimu hizo zilikuwa kwenye daftari tangu wiki ya pili. Sasa zina sababu.

Tafakari ndiyo inayofanya haya yote yawe somo, na ndiyo inayofanywa ovyo kuliko vyote. Maswali matatu yanatosha: nini kilitokea? Kina maana gani? Sasa tufanye nini? Ugumu uko kwenye la pili. Mwanafunzi akiandika “nimejifunza kushukuru nilichonacho”, hajatafakari; ameandika kadi ya pongezi. Akiandika “tulipima maji kisimani tu, kumbe huenda yanachafuka pia ndani ya ndoo njiani, kwa hiyo sampuli zetu hazielezi wanachokunywa nyumbani”, huyo amegusa kiini cha somo la sampuli. Nusu ukurasa kila wiki, na mjadala wa dakika 30 hadi 40 darasani, huzaa zaidi kuliko ripoti moja ndefu mwishoni, ambayo huandikwa usiku mmoja na kila kitu kimeshasahauliwa.

Alama zitolewe kwa kilichojifunzwa, zisitolewe kwa saa zilizotumika. Ukihesabu saa, utaletewa saa: sahihi zitapigwa, watu watakaa kivulini mpaka muda uishe. Fomu ya mahudhurio ibaki kuwa ya usalama tu. Kwa muhula mmoja, saa 20 hadi 30 kwa mwanafunzi zinatosha. Chini ya hapo, ugeni ndio unaisha tu na muhula nao umekwisha.

Maandalizi yaanze miezi miwili au mitatu kabla ya muhula. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha, mradi yaseme: kazi gani hasa, nani msimamizi upande wa wenyeji, nauli inatoka wapi, ajali ikitokea nani anawajibika, takwimu ni za nani, picha zinaruhusiwa au la. Kuhusu picha tuwe wakali. Mtoto anayehudumiwa si pambo la ukurasa wa mwanafunzi.

Kinachoharibika zaidi ni kalenda. Chuo kina wiki 15. Jamii ina msimu wa kilimo, misiba, sikukuu na uchaguzi. Maabara ikichelewa wiki tatu, wanafunzi wako kwenye mitihani na kamati inasubiri majibu yasiyokuja. Pia kupokea wageni ni kazi. Shirika dogo lenye watumishi wanne likiletewa wanafunzi arobaini, ni lenyewe linalokihudumia chuo. Bora watano wanaorudi kila wiki. Halafu kuna suala la mipaka: mwanafunzi wa tiba wa mwaka wa pili haruhusiwi kufanya kwa maskini kile ambacho hangeruhusiwa kumfanyia mgonjwa wa hospitali ya chuo, hata akiombwa kwa machozi.

Kabla alama hazijatangazwa, matokeo yafike kwa walioyaomba: ukurasa mmoja, kwa lugha yao, usomwe kwa sauti mkutanoni na maswali yajibiwe. Sambamba na huo, faili la makabidhiano libaki idarani: kilichofanyika, kilichoishia njiani, ahadi gani ilitolewa na nani aliitoa, namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati. Bila faili hilo, kundi la mwaka unaofuata litafika na hojaji ileile, na yule mama ataulizwa tena anachota maji wapi.