Si kila rubani wa vita alitunguliwa na adui

Ujumbe huu haukosi kurudi kwenye magrupu: eti marubani wote waliokufa katika Vita Kuu ya Pili walitunguliwa na adui. Sivyo. Wamarekani peke yao walipoteza watu wapatao 15,000 katika ajali za ndege za kijeshi ndani ya nchi yao, mbali na uwanja wowote wa mapambano. Vijana walifundishwa haraka haraka, kisha wakakabidhiwa ndege nzito zenye nguvu, wakaruka usiku, kwenye ukungu, juu ya milima. Hata Nakuru na Nanyuki marubani walinolewa miaka hiyo.

Kuhakiki si kazi ngumu. Kumbukumbu za makaburi ya vita ziko wazi kwa umma. Tazama tarehe na mahali marehemu alipozikwa, kisha linganisha na mapigano yalikokuwa siku hiyo. Mkanganyiko unaeleweka: jiwe la kaburi huandika jina, cheo na tarehe, halitaji chanzo cha kifo. Na nani angependa kusimulia kwamba babu aligonga mlima akiwa mwanafunzi? Ukiupokea tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.