Kabla hujamsema mama mwenzio, muulize siku yake ikoje

Nafanya kazi ya lishe ya mama na mtoto hapa Mtwara, na siku hizi mama akikaa mbele yangu kliniki ujue ameshashauriwa, ameuliza kwenye grupu la WhatsApp usiku, amejibiwa, amesemwa, na asubuhi anakuja kwangu akiwa ameshajifunza kitu kimoja ambacho kinaniumiza kuliko vyote, kuficha. Namuuliza mtoto anakula nini, ananijibu ananyonya tu dada, na mi naona kabisa uji umekaukia kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto. Sio kwamba huyu mama ni muongo. Ameshaona mwenzake aliyesema ukweli alifanywa nini.

Chukua swali kama hili, sio la mtu mmoja maana linarudi kila msimu wa korosho ukikaribia: jamani mwanangu ana miezi minne, narudi kibaruani kubangua, nitamwacha na bibi yake, nimpe nini? Basi hapo ndo utaona watu. Wa kwanza, miezi minne? unataka kumuua mtoto. Wa pili, mi wangu hakugusa hata tone la maji mpaka miezi sita kamili. Wa tatu, kama hukuwa na muda ulizaa ya nini. Anakuja mwingine anatuma picha ya mashine ya umeme ya kukamulia maziwa na friji ndogo ya kuhifadhia, anasema siku hizi mbona rahisi tu. Na katika wote hao hakuna aliyejibu alichoulizwa, nimpe nini. Mama anafuta meseji yake, kesho anaenda kazini, na mtoto anapewa uji mwepesi na maji ya sukari kwa sababu bibi mtoto akilia lazima ampe kitu.

Ugumu wa hili jambo ni kwamba wanaomsema hawajakosea kwenye somo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, kisha chakula cha nyongeza huku ananyonya mpaka miaka miwili au zaidi, na mi mwenyewe ndo nafundisha hivyo kila siku na naamini hivyo. Lakini sasa angalia na upande wa pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Miezi sita ni kama wiki 26. Hapo katikati kuna wiki 14 ambazo somo linasema nyonyesha tu na kazi inasema rudi, na huyo ni yule mwenye mkataba, sijamgusa mama wa kibarua anayelipwa kwa kilo alizobangua, wala mama ntilie, wala yule wa Nanyamba au Tandahimba ambaye msimu ukifika familia nzima inahamia shambani kuokota korosho. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya tu bila kupewa kitu kingine ni asilimia 64. Kwa hiyo zaidi ya theluthi wanapewa kitu. Hawa mama wapo, ni wengi, wako kwenye hayo hayo magrupu yetu wamekaa kimya.

Mi nikiulizwa swali lile naanza kwa kuuliza. Unaondoka saa ngapi na unarudi saa ngapi? Bibi ana nguvu ya kutembea, anaweza kukuletea mtoto mchana anyonye? Msimamizi wako anaelewa? Ile sheria inasema mama aliyeajiriwa apewe muda wa kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya saa za kazi, na wengi hawajui kabisa, kuna wenye mkataba mkononi hawajawahi kusikia. Ukishajua siku yake ndo unapata cha kumwambia, na mara nyingi ni kukamua kwa mkono, ambako hakuhitaji umeme wala mashine wala hela. Unanawa mikono kwa sabuni, unashika ziwa kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu na sio kwenye chuchu yenyewe, unasukuma kidogo kuelekea kifuani halafu unabana na kuachia, unabana na kuachia, unazungusha vidole kila upande. Mwanzo yanatoka matone tu na hapo ndo wengi wanakata tamaa wanasema sina maziwa, kumbe ungevumilia dakika chache yanaanza kuruka. Anza kujizoesha wiki moja au mbili kabla hujarudi kazini, usisubiri asubuhi ya siku yenyewe. Weka kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali pa kivuli penye ubaridi, na kwa joto letu hili yasizidi masaa manne, yale atakayobakiza yamwagwe. Bibi ampe kwa kikombe, sio chupa, chupa kuisafisha vizuri bila maji mengi na kuni za kuchemshia ni mtihani. Na kama hata hicho hakikuwezekana siku hiyo, ukifika nyumbani nyonyesha, usiku nyonyesha, niambie ulivyofanya, tutajua pa kuanzia. Mama aliyempa mtoto uji jana hajafukuzwa kwenye kunyonyesha, ila watu wakishamwambia ameshaharibu anaacha kweli.

Halafu kuna habari ya uji wa lishe, wa mtoto aliyeshafika miezi sita. Hapa nakuwa mkali kidogo naombeni mnivumilie. Kuna ushindani umeingia wa nani unga wake una vitu vingi zaidi, mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, vyote vinasagwa pamoja vinakaa kwenye ndoo mwezi mzima, na mama anayempikia mwanae uji wa mahindi mtupu anaonekana hamjali mtoto. Karanga na mahindi ndo vinaongoza kwa kushika sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, vikilowa au vikikaa vibaya, na hii sio stori ya kutisha watu, mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Sasa wewe upo Mtwara au Lindi mjini, hewa ya bahari, masika imepiga, unachanganya karanga kwenye unga na kuufungia kwenye ndoo ya plastiki wiki nne. Bora unga wa nafaka moja, usage kidogo kidogo, halafu chakula kingine umwekee wakati wa kupika au ukiepua. Dagaa waliooshwa vizuri wakakaushwa na kutwangwa laini, kijiko kimoja. Mbaazi au kunde zilizochemshwa zikapondwa, na mikoa hii mbaazi tunalima sisi. Tui la nazi. Yai. Papai, embe, tembele. Unga wa muhogo tunaoupenda huku unashibisha lakini peke yake haumjengi mtoto, ndo maana nasisitiza hao dagaa na hizo kunde. Na uji uwe mzito, ukiinua kijiko usidondoke kama maji, maana tumbo la mtoto dogo, ukimjaza maji hakuna pa kuweka chakula. Huo uji hauhitaji blenda wala parachichi la kununua wakati sio msimu wake, na hauna picha nzuri ya kuposti, nakubali.

Usingizi sitaongea sana. Ule ushauri wa mtoto awe na chumba chake, kitanda chake, alie mpaka azoee, umetoka kwenye nyumba za namna nyingine. Hapa chumba kimoja, neti moja, na mikoa yetu ya kusini malaria kwa watoto bado ni kubwa, mtoto akikaa nje ya neti eti ajifunze kujitegemea utarudi naye anachemka. Alale ndani ya neti yenye dawa pamoja na mama, chali, mbali na mito na mablanketi mazito, na mtu aliyekunywa pombe asilale kitanda hicho. Kuamka usiku kunyonya kwa mtoto mdogo ni kawaida, hajaharibiwa na mtu.

Ila kinachonikera mpaka moyoni ni kubemenda. Mtu anaposti picha ya mtoto aliyekonda anaomba msaada, kabla hata hajaulizwa umri wa mtoto watu wameshaandika huyo kabemendwa, yaani wanamwambia mbele ya kila mtu kwamba yeye au mumewe hawakuvumilia, wamelala pamoja mtoto bado ananyonya, au mmoja katoka nje, ndo mtoto kaharibika. Fikiria huyo mama anajisikiaje, mawifi zake wamo, mama mkwe anasomewa meseji na wajukuu. Unadhani kesho atambeba mtoto aje kliniki akae kwenye benchi na majirani hao hao? Hatakuja. Atatafuta dawa kimya kimya, mtoto ataogeshwa majani, na kila wiki inayopita anazidi kuisha.

Niseme wazi wazi kabisa kwa sababu nimechoka kuona watoto wanachelewa. Mbegu za mwanaume haziingii kwenye maziwa. Kulala na mumeo hakuchachushi maziwa. Mtoto anakonda kwa sababu chakula hakitoshi, au anaharisha kila mara, au malaria inamrudia, au ana kifua kikuu au VVU na hajapimwa, au mama amepata mimba nyingine akaambiwa amwachishe ziwa ghafla na badala yake mtoto akapewa uji mtupu. Hapo kwenye mimba ndo wazee wetu waliona kitu cha kweli, kwamba mtoto anayefuatwa haraka na mdogo wake anadhoofika, lakini dawa yake ni uzazi wa mpango, na njia zipo ambazo hazikatishi maziwa, vipandikizi, sindano, vidonge vya wanaonyonyesha, muulize muuguzi ipi ya kwako. Dawa yake haijawahi kuwa kumuaibisha mtu.

Na hata maswali tunayoyaona madogo, mbona wako mdogo hivyo, mbona wewe hunyonyeshi, hatujui tunagusa wapi. Anaweza kuwa bibi anayelea mjukuu ambaye mama yake alifariki, simu ya kuazima. Anaweza kuwa mama anayetumia dawa fulani ambayo hataki kuitaja, na hana deni la kumweleza mtu. Mtoto aliyezaliwa mdogo kuliko wa mwenzie anaweza kuwa anakua vizuri tu, mi naangalia mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda au umelala, simlinganishi na picha ya mtoto wa mtu.

Maadmini nawaombeni jambo moja. Mtu akiuliza kuhusu mtoto, jibu la kwanza liwe la kumuuliza, ana miezi mingapi, anakaa na nani mchana, kuna nini ndani leo cha kupika. Komenti za kubemendwa zifuteni. Mtoto akiwa amekonda au amevimba miguu, au anaharisha na amelegea, au hanyonyi, msimshauri dawa, mwambieni mama aende kituo siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano tuna mkanda wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu na anaanza matibabu, kati ya hapo na 12.5 ni njano na tunamfuatilia kwa karibu. Kupima ni dakika moja na hakuumi. Njooni na kadi, na kama kadi imepotea njooni hivyo hivyo, tutaandika nyingine.