Bila Divisheni Wani, udaktari basi?

Wahitimu wengi wa kidato cha sita Tanzania waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) huamini kwamba asiye na Divisheni Wani, daraja la juu la ufaulu, asijisumbue kuomba udaktari chuo kikuu. Udahili hauangalii divisheni. Huangalia alama ya kila somo. Hata pointi hugeuka: kwenye divisheni A ni 1 hadi E 5, kwenye udahili A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1.

Chukua C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Ni Divisheni Tuu ya pointi 10, ila kwa udahili ana 8, na anaweza kuomba. Mwenye A, A na E ya Fizikia ana Divisheni Wani ya 7, na bado hukwama, kwa sababu Fizikia hudaiwa angalau D.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huo, usome safu ya sifa za kila chuo, somo kwa somo. Sifa hizo ni kiwango cha chini tu: nafasi ni chache, na wenye alama kubwa hutangulia. Ukiwa ukingoni, usijaze udaktari mtupu; weka na uuguzi au maabara. Stashahada ya utabibu nayo ni mlango halali, ukifaulu vizuri na cheti chako cha kidato cha nne kikiwa na masomo ya sayansi yanayotakiwa.