Je, wajua kwa nini kitenge cha wax kinang'aa pande zote mbili?

Ukipita soko la Mwanga hapa Kigoma angalia akina mama wanavyochagua vitenge, kabla hata ya kuuliza bei mtu anakunja ncha anatazama upande wa pili, akikuta umepauka anakirudisha mezani anaenda zake. Wengi wanaona ni mazoea tu lakini huyo mama anakagua kitambaa kimetengenezwaje, na yuko sahihi kabisa.

Iko hivi, kitenge cha kawaida kinachapwa upande mmoja, rola inapita na rangi basi kazi imeisha, ndo maana nyuma kunakuwa kumefifia. Wax hawaanzi na rangi, wanaanza na utomvu wa moto. Rola mbili za shaba zilizochongwa maua zinakibana kitambaa cheupe cha pamba katikati na kukipaka utomvu huku na huku, ua la upande huu linakaa sawasawa na la upande ule. Utomvu ukikauka kitambaa kinazamishwa kwenye nili, penye utomvu rangi haiingii, pasipo na utomvu inazama mpaka ndani ya uzi. Halafu nili ikitoka kwenye pipa sio bluu jamani, inatoka kijani cha kunjano, ikishakutana na hewa ndo inageuka bluu hapo hapo ukiitazama. Baadaye utomvu unaoshwa na rangi nyingine zinafuata.

Ile mistari myembamba kama nywele inayokatiza kwenye maua inatokana na utomvu mkavu kupasuka kitambaa kinapokunjwa, rangi inapenya kwenye nyufa. Nyufa hazifanani hata siku moja, kwa hiyo ukitandaza kitenge ukaona mistari ileile inajirudia kila ua, ujue imechapwa kuigiza, usikubali kulipa bei ya wax.

Ufundi wenyewe asili yake ni batiki ya kisiwa cha Java, Indonesia, kule wanachora kwa mkono kwa nta ya moto. Waholanzi waliokuwa wanatawala huko wakaupeleka kwenye mashine kwao, Vlisco kwa mfano ilianza mwaka 1846 mji wa Helmond, ila waliokuja kuvipenda kwelikweli ni watu wa Afrika Magharibi kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Sisi huku tumezoea kuviita vitenge vya Kongo kwa sababu vinavuka ziwa na maboti.

Sasa kwenye kufua ndo watu wanaharibu. Kila mtu atakwambia loweka na chumvi rangi ishike, lakini chumvi ya jikoni haishikishi rangi iliyobaki juu juu ya nyuzi. Kiwandani chumvi inatumika wakati wa kutia rangi za aina fulani, nguo ikishafika kwako hiyo kazi imepita. Rangi ya ziada dawa yake ni kuisuuza kwa maji baridi, peke yake bila kuchanganya na nguo nyeupe, mpaka maji yatoke masafi. Jiki usiiguse kabisa.

Na tafadhali tuache kuanika vitenge juu ya mchanga ziwani jua la saa nane, mionzi ya jua inavunja rangi yenyewe na ikishavunjika hairudi, hata ufue na sabuni gani. Anika kivulini penye upepo, gauni ligeuze ndani nje.

Lingine, pamba inarudi ikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo zile yadi 6 ziloweke na kuzikausha kabla hujampelekea fundi. Ule ugumu wa dukani mwingi ni wanga, utatoka. Kama fundi ameshakata, basi mwombe aache pindo kubwa kiunoni na chini, utakuja kulifungua baadaye.