Kipupwe, mgongo na kiploti: maswali ya wakulima wa bustani huku Uingereza

Kila mwaka ikifika Novemba, Waswahili wenzangu waliokodi viploti (vipande vidogo vya ardhi ya kulima) vya halmashauri huanza kunipigia simu. Wanajua mimi ni nesi na kwamba nami nina kiploti, basi simu inaanza na habari za mchicha uliokufa kwa jalidi, halafu ndipo linakuja lile lenyewe. Haya ndiyo ninayoulizwa sana.

Dada, mwezi wa kumi nilibeba gunia la mboji mgongo ukanikamata. Tangu siku hiyo sijakanyaga bustanini, na sasa hata kutoka kitandani naona kazi. Hivi ninachoumwa ni mgongo au ni akili?

Ni vyote viwili, na kila kimoja kinamchochea mwenzake. Desemba mjini London mchana haufiki saa nane kwa urefu, wakati Juni unapita saa 16. Glasgow ni mfupi zaidi, kama saa saba tu. Sisi tuliokulia Tanga au Mombasa, ambako mchana na usiku hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima, hatukujua kama jua linaweza kutoroka namna hii.

Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndio unaoirekebisha saa ya mwili: lini uchangamke, lini usinzie. Sasa, ni nani aliyekuwa anakutoa nje asubuhi? Ni kile kiploti. Hata siku ya mawingu mazito, nje kwa kawaida unapata mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) elfu moja au zaidi, na sebuleni ukiwasha taa zote unapata mia chache. Mgongo ulipokukamata ulikunyang'anya mwanga, ukakunyang'anya ule uchovu mtamu unaoleta usingizi, na ukakutenga na yule mzee wa kiploti cha pili mnayegombana naye juu ya konokono. Usishangae moyo ukishuka.

Ndugu zangu nyumbani wanasema nimepata Ulaya sasa nadeka. Huu ni ugonjwa kweli?

Ni ugonjwa. Ni aina ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayokuja na majira na kuondoka na majira. Aliyeueleza kitaalamu pamoja na wenzake mwaka 1984 ni Norman Rosenthal, daktari wa akili nchini Marekani. Kinachonifurahisha ni kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini, na baridi ya New York ndiyo iliyomfanya aone nguvu zake zinavyopungua. Kwa hiyo hata daktari alidekezwa na baridi. Waambie hivyo nyumbani.

Dalili zake mara nyingi ni kulala kupita kiasi na bado kuamka mchovu, kutamani wanga (mtu anamaliza chapati nne bila kujua), kunenepa, kukwepa watu, na kutofurahia hata kile ulichokuwa unakipenda. Ikiwa hali hiyo imekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, usingoje Machi. Nenda kwa daktari wako wa familia.

Basi nilale mpaka mgongo upone?

Hapana. Zamani watu waliambiwa walale chali wiki nzima, na ushauri huo umeachwa. Maumivu mengi ya kiuno yanayotokana na kubeba au kuinama hupungua ndani ya wiki chache, na anayeendelea kutembea polepole hupona vizuri kuliko anayelala. Chupa ya maji ya moto inasaidia. Ibuprofeni pia, ila unywe baada ya chakula, na umuulize mfamasia kwanza kama una vidonda vya tumbo, figo, pumu, au ni mjamzito.

Lakini kuna mgongo usiosubiri. Ukihisi ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, ukishindwa kukojoa au ukajikojolea bila kujijua, au miguu yote miwili ikilegea, huko ni hospitali, idara ya dharura, saa hiyo hiyo. Piga 999. Mishipa ya fahamu ikibanwa pale chini, kuchelewa kunaweza kukuacha na ulemavu.

Kama huna dalili hizo, rudi kwenye kiploti kabla hujawa tayari kufanya kazi. Nenda asubuhi, dakika 20, bila sepetu. Vaa koti, zunguka, tazama vitunguu saumu vimechomoza wapi, rudi nyumbani. Utaniambia hamu huna. Najua, hamu haitangulii hapa, inafuata nyuma ya miguu. Wiki inayofuata beba mkasi wa kupogoa. Mboji ukiihitaji, ihamishe kwa ndoo ndogo nusu nusu, goti likunje badala ya kiuno, na lile gunia la lita 50 mwachie kijana.

Nimeona zile taa za mwanga mkali. Ninunue?

Baadhi ya watu zinawasaidia. Inayotajwa sana ni ya laksi 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi huku ukinywa chai, bila kuikodolea macho. Usiiwashe usiku, itakufukuzia usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, anayetumia dawa zinazofanya ngozi au macho yasivumilie mwanga, au aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, azungumze na daktari kwanza.

Taa hiyo haikupi vitamini D. Hiyo ni habari nyingine: kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kuitengeneza ngozini. Idara ya afya inashauri watu wazima mikrogramu 10 kwa siku wakati huo, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kumeza mwaka mzima. Ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Usiitegemee ikuondolee huzuni.

Nilijichoma na uma wa bustani, umepenya buti. Damu imekatika. Niache?

Usiache. Pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, na kama hukumbuki chanjo zako, piga 111, namba ya ushauri wa afya, leo hii.

Naogopa kumwambia daktari. Atanipa vidonge tu, na Kiingereza changu kinakwama nikiwa na huzuni.

Omba mkalimani unapoweka miadi, hulipii. Vidonge ni njia moja. Nyingine ni tiba ya mazungumzo, na kwa Uingereza yenyewe (England) unaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari. Na kama umeanza kuona afadhali usingekuwepo, usilale na wazo hilo peke yako. Piga 111 uchague namba 2, au Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, 116 123, usiku na mchana, bure. Hatari ikiwa karibu, 999.

Niliteleza kwenye barafu nikavunja kifundo cha mkono. Nina plasta mpaka Februari. Msimu si umekwisha?

Sukuma wiki iliyopigwa na jalidi huwa tamu zaidi, na kuichuma ni kazi ya mkono mmoja. Februari tafuta trei za mayai, panga viazi vya mbegu dirishani penye mwanga, upande wenye macho mengi ukiangalia juu, na uviache usiviguse. Vikitoa machipukizi mafupi na manene, plasta itakuwa imeshakatwa.