Mtu mzima na foleni za burudani: dhana potofu na ukweli wake

Kila msimu wa sikukuu, hapa Nakuru na kule Kisumu, picha huwa ile ile: watoto wamo ndani ya jumba la hewa wakirukaruka, na mzazi yuko nje juani, ameshika viatu vyao, chupa ya maji na tiketi za zamu inayofuata. Mwaka juzi nilimpeleka mama mkwe ziwani pamoja na wajukuu wake. Tulisimama kwenye foleni zaidi ya saa mbili kwa ajili ya safari ya boti ya dakika 15, na mama akarudi nyumbani bila kupata nafasi ya kuketi na kulitazama ziwa ambalo aliacha shamba lake kuja kuliona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza kwa makini mambo tunayoyaamini kuhusu burudani ya watu wazima, na nimeona kwamba mengi hayana msingi.

Dhana ya kwanza ni kwamba bustani za burudani ni za watoto, na kwamba mtu mzima huenda huko kama mlinzi tu. Historia inasema vingine. Bustani ya Tivoli ya Copenhagen, ambayo ilifunguliwa mwaka 1843 na ingali wazi hadi leo, ilianza na maua, jukwaa la maigizo, wapiga muziki na mikahawa, na bembea za mashine zilikuwa sehemu moja tu ya mambo hayo. Naye Walt Disney alisimulia kwamba wazo la Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955, lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika bustani moja ya Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka kwenye bembea ya farasi wa mbao. Alijiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo wazazi na watoto wanaweza kufurahi pamoja. Benchi lile ndilo tunalolikalia sisi kila Krismasi, na swali lake ni letu pia.

Dhana ya pili ndiyo iliyoenea zaidi: kwamba foleni ni sehemu ya burudani yenyewe, na asiyetaka kungoja heri abaki nyumbani. Ukweli ni kwamba foleni huzaliwa na viti, na hesabu yake ni rahisi. Chukulia bembea ya duara yenye viti 20, ambayo zamu yake moja, pamoja na muda wa kupanda na kushuka, huchukua dakika 5. Kwa saa moja itabeba watu 240. Ikiwa wanaofika ni 300 kwa saa, basi kila saa 60 watabaki chini. Baada ya saa tatu wanaongoja watakuwa 180, na atakayejiunga nyuma yao atangoja dakika 45 kwa furaha isiyozidi dakika 5. Hakuna adabu wala ukali wa mwenye bembea unaoweza kuibadilisha hesabu hiyo. Lakini njia ya kutembea haina viti vya kungojewa, na vivyo hivyo bustani ya maua, maonyesho ya makumbusho na kilele cha kutazamia mandhari. Watu 300 wakifika hapo, hutawanyika tu.

Ndiyo sababu hata katika bustani kubwa za Marekani, zinazojulikana kwa foleni ndefu, mtu mzima anayeelewa jambo hili hupitisha siku nzima akiwa amengoja kidogo sana. Katika bustani ya Epcot ya kampuni ya Disney, iliyofunguliwa Florida mwaka 1982, kuna mzunguko wa mabanda ya nchi 11 kandokando ya ziwa dogo, na kazi ya mgeni hapo ni kutembea, kuonja vyakula, kutazama majengo na kusikiliza muziki. Bustani jirani, Animal Kingdom, ina njia za miguu zinazompitisha mgeni karibu na makazi ya gorila na simbamarara.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuepuka foleni ni jambo la wenye pesa pekee. Ni kweli kwamba huduma za kulipia zipo na zinaongezeka: utaratibu wa Disney wa kuweka nafasi mapema ulianza mwaka 1999 bila malipo ya ziada, na mwaka 2021 nafasi yake ikachukuliwa na huduma ya kulipia. Hata hivyo, baadhi ya vivutio vina foleni ya mpandaji mmoja mmoja, ambamo mtu anayekubali kuketi mbali na wenzake hujazia viti vilivyobaki wazi, bila kuongeza hata senti, na kwa kawaida huwahi kuliko wengine. Nafasi hiyo inamfaa mtu mzima kuliko yeyote, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kuachwa apande peke yake. Saa ya kwanza baada ya malango kufunguliwa nayo haina gharama yoyote, isipokuwa kuamka.

Sasa nije nyumbani, maana dhana inayoniumiza zaidi ni ile inayosema kwamba huku kwetu hakuna pa kwenda, na kwamba burudani ya kweli iko Nairobi, Mombasa au ng'ambo. Hatuna bustani za mashine kubwa kama zile za Florida, na sioni haja ya kujidai kwamba tunazo. Lakini kile ambacho mtu mzima hukitafuta ndani ya bustani hizo akikimbia foleni, yaani kutembea, kutazama, kujifunza na kula kwa utulivu, kimetuzunguka.

Takriban kilomita 4 kutoka katikati ya Nakuru kipo Kilima cha Pimbi, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Hyrax Hill. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938 na kufukua makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Jambo ambalo hunisimamisha kila ninapopita ni mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe: watu wazima waliotutangulia walikaa palepale wakicheza, mwamba ukiwa meza yao. Kaskazini mwa mji, kasoko ya Menengai, yaani shimo kubwa la volkano, ina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, na ukingo wake unaweza kubeba umati wowote utakaotoka Nakuru siku ya Jumapili.

Kisumu nayo ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, na humo kuna Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukamilifu, ambalo wazee hulitembelea taratibu wakiwaeleza vijana nyumba ipi ni ya mke yupi na kwa nini. Mbele kidogo, ufuoni, iko hifadhi ndogo ya swala pala inayotembelewa kwa miguu. Kule Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, anayefika asubuhi na mapema siku ya kazi hupata mafunjo, ndege na wavuvi wanaorejea na samaki, wakati yule wa alasiri ya sikukuu hupata migongo ya watu.

Hapo nitie neno la tahadhari, kwa kuwa iko dhana nyingine kwamba pasipo na foleni mambo ni rahisi, na unaweza kuingia tu. Boti isiyo na foleni kwa sababu mwenye nayo hagawi jaketi za kuokolea maisha na hahesabu abiria, hiyo si ya kupanda, hata ikiwa inaondoka sasa hivi na ziwa limetulia kama maziwa. Vilevile, anayeelekea mbuga ya Ziwa Nakuru alipie kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoka nyumbani. Nimeona familia zikikwama langoni, simu mkononi, zikihangaika na mtandao.

Kuhusu wanaodhani kwamba matembezi ya namna hii yanahitaji miguu ya kijana, nitaitaja mbuga moja tu. Saiwa, karibu na Kitale, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya kumhifadhi nzohe, swala wa kwenye vinamasi, na ukubwa wake haufiki hata kilomita 3 za mraba. Gari haliingii ndani. Mgeni hupita kwenye njia za mbao na kupanda majukwaa ya kutazamia, kisha huketi. Nzohe hutoka alfajiri na jioni, kwa wakati wake mwenyewe. Mama mkwe alikaa kwenye jukwaa moja kwa karibu saa nzima mwezi Februari, na alipomwona dume likijitokeza polepole kwenye matete, alinishika mkono bila kusema neno.